Hati Moja, Majina Matano: Kugawana Ardhi ya Pamoja Kisheria

Malalamiko tunayopokea siku hizi kuhusu ardhi ya pamoja karibu yote yanafanana. Ndugu wameandikwa kwenye hati moja. Wamemwita savea (mpima ardhi), amepima, bikoni za mpaka zimezikwa, na kila mmoja ameshachimba msingi upande wake. Siku mmoja akitaka mkopo, benki inamwomba hati yenye jina lake pekee, na hati hiyo haipo. Hapo lawama zote huja kwetu, kwenye kaunta ya ofisi ya ardhi.

Someni hati yenu kwanza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 inatambua umiliki wa pamoja wa aina mbili. Wa kwanza hauna mafungu: akifa mmoja, haki yake huwaendea waliobaki, haiingii kwenye mirathi. Tangu sheria hiyo ianze, umiliki huu huundwa baina ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama iwaruhusu wengine. Wa pili ni wa hisa, na hisa ya marehemu hurithiwa. Walio katika aina ya kwanza husaini fomu ya kuuvunja umiliki huo na kusajiliwa kuwa wenye hisa sawa, ndipo waombe kugawiwa.

Na hisa si pembe ya kiwanja. Mwenye robo ana robo ya kila futi, kuanzia mwembe wa mbele hadi choo cha nyuma. Karatasi mliyoandikiana kwa chifu kwamba “kaka achukue upande wa barabara” haibadilishi neno hata moja kwenye rejista.

Kosa linalowagharimu watu zaidi ni hili. Fomu ya mgawanyo anayojaza savea hukata ardhi. Umiliki inauacha ulivyo. Ikisajiliwa peke yake, kiwanja kimoja cha majina matano huzaa viwanja vitano, na kila kimoja kina majina yale yale matano. Kinachotakiwa ni ombi kwa Msajili wa Ardhi chini ya kifungu cha 94 cha Sheria hiyo ya Usajili, likiambatana na makubaliano yaliyosainiwa na wenye hisa wote, yakionyesha nani anachukua kiwanja kipi. Rejista ya zamani hufungwa, na mpya hufunguliwa, kila moja kwa jina la mwenyewe.

Kabla ya hapo, pateni kibali cha kaunti cha kugawa ardhi. Kuendeleza ardhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Savea awe na leseni. Reti (kodi ya ardhi ya kaunti) ziwe zimelipwa, na ardhi ya lizi, yaani iliyokodishwa na serikali, iwe haina deni la kodi hiyo ya serikali. Ikiwa hati imewekwa rehani, benki ikubali kwa maandishi. Ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Bikoni zikishawekwa, msizing’oe hata mkigombana: kuharibu alama ya mpaka bila ruhusa ya Msajili ni hadi miaka miwili jela, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili.

Warithi wengi huja na uamuzi wa Kadhi wakidhani kazi imeisha. Tunauheshimu uamuzi huo, lakini unasema mjane ana thumni (sehemu moja ya nane) na watoto wana nini. Hausemi thumni hiyo iko upande gani wa kiwanja. Jina la marehemu likiwa bado kwenye hati, msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama ndiye wa kuanza, warithi waandikishwe, kisha mgawanyo ufuate. (Wenye nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yenu lakini kiwanja ni cha mwingine, kama wengi wa Majengo, Mombasa, haya hayawahusu, hamna hati ya ardhi ya kugawa.)

Akikataa mmoja, ombi haliwi bure. Mwenye hisa anaweza kuomba peke yake, na Msajili atawasikiliza wote kabla ya kuamua. Ataangalia ardhi ilivyo na ilipo, ukubwa wa hisa, na nani aligharamia majengo na maboresho mengine. Kwa hiyo wekeni risiti zenu, msituletee maneno matupu.

Kuna mali isiyokatika. Nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, yenye ngazi moja na kisima kimoja haigawanyiki kwa warithi sita, hata savea awe fundi namna gani. Hapo kifungu cha 95 kinamruhusu mwenye hisa kudai iuzwe. Mkishindwa kuelewana, Msajili huithamini na anaweza kuamuru mnada. Mwenye hisa yeyote anaruhusiwa kununua, mnadani au kwa kuelewana na wenzake.