Mwanafizikia wa nadharia na programu zinazomfanyia hesabu

Mwanafizikia wa nadharia ni mtu anayezitafuta kanuni za maumbile kwa njia ya hesabu, na kazi ya kupima anawaachia wenzake wa maabara. Wengi wakimfikiria wanaona chaki na ubao. Chaki bado ipo, lakini siku hizi anatumia muda mwingi kuandika programu: nyingine za kukadiria kwa namba yale yasiyotatulika kwa kalamu, nyingine za kuandika hesabu zenyewe badala yake. Utafiti, ukokotoaji wa kompyuta na kuzifanya hesabu zijiendeshe vimeshikana sana, na mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni usumaku wa elektroni.

Kila elektroni ni sumaku ndogo. Mlinganyo alioutoa Paul Dirac mwaka 1928 ulisema kwamba namba inayoelezea usumaku huo, iitwayo g, ni 2 kamili. Miaka ya 1940 ikielekea kwisha, vipimo vya Polykarp Kusch na Henry Foley mjini New York vikaonyesha kuwa inazidi 2 kidogo. Julian Schwinger akaeleza sababu mwaka 1948: elektroni hutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, na kuimeza tena, na tendo hilo hubadili usumaku wake. Kwa hesabu yake, nusu ya ziada hiyo ni takriban 0.00116. Vipimo vikakubali.

Lakini elektroni inaweza kutoa na kumeza fotoni kwa njia nyingi zaidi, moja ndani ya nyingine. Richard Feynman alibuni michoro ya kuziwakilisha njia hizo, kila mchoro ukiwa na hesabu yake. Michoro hiyo hupangwa kwa hatua: ya kwanza, ile ya Schwinger, ina mchoro 1. Ya pili ina 7, ya tatu 72, ya nne 891, na ya tano 12,672. Mchango wa kila hatua ni mdogo mara mamia kuliko wa ile iliyotangulia, lakini vipimo vya maabara vimekuwa makini kiasi kwamba hata hatua ya tano haiwezi kupuuzwa.

Na kwa mkono hata ile michoro 7 ilikuwa mtihani. Jibu la kwanza, lililotolewa mwaka 1950, lilikuwa na kosa, na likarekebishwa mwaka 1957 na Charles Sommerfield na André Petermann, kila mmoja kwa hesabu zake.

Ndipo wanafizikia wakaanza kuunda zana. Mwaka 1963 Mholanzi Martinus Veltman aliandika Schoonschip, mojawapo ya programu za kwanza za kufanya aljebra kwa kompyuta, kwa sababu hesabu zake za chembe zilikuwa zimefurika. Mrithi wa programu hiyo ni FORM, ya Jos Vermaseren, inayopatikana bure hadi leo. Mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta mpakato anaweza kuipakua, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha.

Toichiro Kinoshita wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake wa Japani walikwenda mbali zaidi. Waliandika programu inayoandika programu: unaipa mstari mmoja unaoeleza mchoro, nayo, kwa msaada wa FORM, inakutolea msimbo kamili wa kuukokotoa. Msimbo huo ukaendeshwa kwenye kompyuta kuu za RIKEN, taasisi ya utafiti ya Japani, ukikadiria jibu kwa kuchukua sampuli nyingi mno za namba. Mwaka 2012 wakachapisha mchango wa michoro yote 12,672.

Faida yake haikuwa kasi tu. Mwaka 2007, walipoielekeza programu hiyo kwenye hatua ya nne, ilifichua kosa katika hesabu iliyokuwa ikitumika kwa miaka. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuunda mashine ya namna hii: haichoki, na njia yake ni tofauti na ya mtu aliyetangulia, kwa hiyo inaweza kumsahihisha.

Nayo pia lazima isahihishwe. Mwaka 2017 Stefano Laporta, Mwitaliano aliyeishughulikia hatua ya nne kwa takriban miaka ishirini, alitoa jibu lake kwa tarakimu 1,100, na likathibitisha makadirio ya kundi la Kinoshita. Hatua ya tano ilikuwa na msukosuko zaidi. Mwaka 2019 Sergey Volkov wa Urusi, kwa mbinu yake mwenyewe, alipata jibu lisilolingana na lao kwenye michoro 6,354 kati ya hiyo 12,672, tofauti ambayo isingeweza kuitwa bahati mbaya. Ilibidi wairudie kazi, wakilinganisha mchoro kwa mchoro, na hesabu mpya ya kundi la Japani ikasogea ikakubaliana na ya Volkov.