Zinapita kila kitu, tunazinasaje? Habari za nyutrino

Tarehe 23 Februari 1987 ilikuwa Jumatatu. Saa nne na dakika 35 asubuhi, kwa saa zetu, aliyekuwa akipanga bidhaa Kariakoo na aliyekuwa darasani Mlimani walipitiwa mwilini na chembe zilizotoka kwenye nyota iliyokufa. Kila sentimita ya mraba ilipitiwa na chembe kama bilioni 10 ndani ya sekunde chache, na hakuna aliyehisi chochote. Mitambo mitatu, wa Japani, wa Marekani na wa Muungano wa Kisovieti, ilinasa jumla ya chembe zisizozidi 25.

Chembe hizo ni nyutrino. Nafundisha fizikia hapa Dar es Salaam, na kila mwaka tukifika kwenye somo hili kuna anayenyoosha mkono: "Mwalimu, kama zinapita kila kitu, mmejuaje kwamba zimepita?" Nalipenda sana swali hilo, na leo nalijibu kwa kituo.

Nyutrino haina chaji, kwa hiyo umeme na sumaku haviigusi. Inapenya karibu kila kitu. Hilo neno "karibu" ndilo tunalolitegemea sisi. Mara moja moja, katika matrilioni kwa matrilioni, nyutrino inagonga elektroni au kiini cha atomu. Basi unatakiwa uwe na kitu kingi sana cha kugongwa, na njia ya kuona mgongano ukitokea. Maji yanafaa kwa yote mawili. Kule Japani, meta 1,000 chini ya mlima, kuna tangi linaloitwa Super-Kamiokande lenye tani 50,000 za maji yaliyosafishwa kupita kiasi, na giza tupu ndani yake.

Mgongano unaonekanaje gizani? Siku ukivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, simama pembeni uitazame boti ya Zanzibar ikichanganya kasi. Boti inakwenda upesi kuliko mawimbi inayoyasukuma, kwa hiyo hayawezi kuitangulia. Yanajipanga nyuma yake kama kichwa cha mshale. Nuru nayo ikiwa majini hupoozwa, hubaki na robo tatu hivi ya kasi yake. Elektroni iliyopigwa na nyutrino yenye nguvu inaweza kuipita nuru hiyo, na hapo nuru inajipanga nyuma yake kwa umbo la pia (koni), rangi ya buluu hafifu. Tunaiita nuru ya Cherenkov, kwa jina la Mrusi Pavel Cherenkov aliyeichunguza miaka ya 1930.

Kuta za tangi zimepangwa macho ya kioo ya kuhisi nuru, zaidi ya 11,000, kila moja lina upana wa nusu meta, sawa na ungo wa kupepetea mchele. Nuru ikifika ukutani inachora duara. Hapa ndipo ninapowakalisha wanafunzi wangu kwa muda mrefu, kwa sababu duara hilo lina habari tele. Macho yaliyowaka kwanza na yaliyofuata, kwa tofauti ya sehemu za bilioni za sekunde, yanatuambia chembe ilikuwa ikielekea wapi. Wingi wa nuru unatupa nguvu yake. Hata ukingo unasema: elektroni huyumbayumba majini, duara lake linakuwa na ukungu; lakini myuoni, nduguye mzito, inakwenda moja kwa moja na kuacha ukingo mkali. Ukishaona kumi, huhitaji kuambiwa ya kumi na moja ni ipi.

Kazi ngumu ni kelele. Miale kutoka angani inatunyeshea myuoni mchana na usiku. Kiganja chako kinapitiwa na moja hivi kila sekunde. Ndiyo sababu tunachimbia mitambo chini ya milima. Halafu tunaitumia Dunia yenyewe kama kifumbu: myuoni za angani hubaki kama machicha, nyutrino hupita kama tui. Chembe inayotokea chini, upande wa miguuni, haiwezi kuletwa na kitu kingine isipokuwa nyutrino. Nyota ile ya 1987 haichomozi kamwe Japani. Nyutrino zake zilifika kwenye tangi la Japani la wakati huo zikitokea ardhini.

Inaniuma kwamba vijana wetu hawaambiwi kuwa nyutrino ya kwanza ya asili kuonekana na binadamu ilionekana Afrika. Ni tarehe 23 Februari 1965, ndani ya mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, kwenye kina cha zaidi ya meta 3,000, kazi ya wanafizikia Frederick Reines na Friedel Sellschop.

Mtambo mkubwa kuliko yote leo, IceCube, umetumia barafu ya Ncha ya Kusini badala ya maji: kilometa moja ya ujazo, macho zaidi ya 5,000. Septemba 22, 2017 ulinasa nyutrino moja, ukatoa taarifa chini ya dakika moja, na darubini zilipogeuzwa upande huo zikakuta galaksi inayowaka, mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa.

Tangu 1987 hatujapata tena nyota ya kutuletea mvua kama ile. Ikilipuka moja ndani ya galaksi yetu, Super-Kamiokande itanasa maelfu. Nyutrino hutoka kwenye moyo wa nyota mara tu unapoporomoka, lakini nuru husubiri mlipuko ufike juu, ndiyo maana 1987 ilichelewa kama saa tatu. Mitambo sasa imeunganishwa ili iwaamshe wenye darubini mapema.

Februari, saa mbili usiku, huwa nakwenda na wanafunzi ufukweni Kimbiji, mbali na taa za mji. Tunageukia kusini, tunapanda na macho theluthi moja ya njia kutoka upeo wa bahari hadi utosini. Pana kiwingu cheupe kisichosogea na upepo. Nyota ile ilikuwa humo.