Pombe: dhana zinazowachelewesha watu kutafuta msaada

"Mimi si mlevi. Kazini sijawahi kukosa, ada za watoto nalipa."

Kwa wengi wetu mlevi ni yule anayelala mtaroni, ndiyo maana mwalimu au fundi anayekunywa kila jioni hajioni humo. Lakini tatizo la pombe halipimwi kwa mshahara. Tangu miaka ya 1980 madaktari wana maswali manne mepesi. Umewahi kuona kwamba inabidi upunguze? Watu wakikusema kuhusu kunywa kwako, hukasirika? Umewahi kujilaumu kwa sababu ya pombe? Umewahi kuianza siku kwa pombe ili mwili utulie? Ukijibu ndiyo mara mbili, nenda ukaonane na daktari, hata kama kazini unasifiwa.

"Nakunywa bia tu, gongo siigusi."

Gongo ina hatari yake, maana ikichanganyika na methanoli inapofusha na kuua. Ila bia nayo ni pombe kamili. Chupa ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi halisi. Toti ya mililita 50 ya pombe kali ya asilimia 35 ina kama gramu 14. Bia tatu, basi, zinazidi kidogo toti nne. Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu gramu 60 kwa mkao mmoja kuwa ni kunywa kupita kiasi, nazo ni hizo bia tatu.

"Asubuhi nazimua kidogo, nikae sawa."

Hapa naomba tuelewane vizuri. Mwangalie mtu huyo saa kumi na mbili asubuhi. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado chai inamwagika. Jasho linamtoka, chapati haipiti, moyo unamwenda mbio. Akipiga toti mbili mkono unatulia, anaanza hata kutania watu. Yeye anasema ni hangova. Kutetemeka kunakotulizwa na pombe kila asubuhi ni dalili kwamba ubongo umeshaizoea na sasa unaidai. Wanaoijua arosto ya unga, yaani mateso ya mwili anayopata mtumiaji wa heroini akiikosa, waelewe kwamba ya pombe nayo ipo, na inaweza kuua.

"Ajikaze tu, aache leo leo."

Ushauri huu hutolewa kwa upendo, na kwa mtu aliyefikia hatua hiyo ni wa hatari kubwa. Mitetemo huanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kumwangusha ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani, homa ikapanda. Familia ikisema karogwa, anapelekwa kwa mganga wakati alihitaji gari la kwenda hospitali. Hospitali kuna dawa kama diazepamu, inayopunguzwa taratibu, na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo hadi ubongo ukaumia. Maombi yaendelee, lakini kando ya kitanda cha wodi. Anayetetemeka asubuhi, au aliyewahi kuanguka degedege, asiache pombe peke yake nyumbani. Amwone daktari kwanza, na amtajie kiasi halisi anachokunywa, si nusu yake.

"Mwacheni mpaka aanguke kabisa, atajifunza."

Wapo wanaoanguka wasiinuke tena. Macho ya njano, tumbo kujaa maji na kutapika damu ni dalili za ini lililokwisha kuharibika vibaya. Kutapika damu ni kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje kufika huko. Tanzania, anzia kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa. Muhimbili na Mirembe ya Dodoma zina wataalamu wa magonjwa ya akili na uraibu. Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kwa namba 1192. Mke, kaka au mtoto mkubwa anaweza kutangulia kuomba ushauri, hata kama mwenyewe bado anakataa kwenda.