Hawara rasmi wa mfalme: maana ya cheo hicho na anguko la Countess wa Cosel

Hawara rasmi alikuwa mwanamke ambaye mfalme, ingawa alikuwa na mke wa ndoa, alimtambua hadharani mbele ya watu wa kasri lake. Ndoa za kifalme zilifungwa kwa ajili ya mikataba kati ya nchi na nchi, na mara nyingi wanandoa hawakuwa wamechaguana. Watawala wa Ujerumani, wakiiga kasri la Ufaransa chini ya Louis XIV, walimpa hawara wa namna hiyo makazi, posho na cheo cha ukabaila, na wenye shida zao walipitia kwake ili wafike kwa mfalme. Hata hivyo, hakuna sheria iliyomlinda: yote aliyokuwa nayo yalisimama juu ya hisani ya mtu mmoja.

Anna Constantia von Brockdorff, ambaye baadaye aliitwa Countess (cheo cha ukabaila) wa Cosel, aliyezaliwa Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1680, alilifahamu jambo hilo mapema kuliko wengi. Alikuwa ameolewa na waziri wa Saksonia, mojawapo ya nchi za Ujerumani, Adolph Magnus von Hoym, alipopendwa na mtawala wa nchi hiyo, August aliyeitwa Mwenye Nguvu, ambaye tangu 1697 alikuwa pia mfalme wa Poland. Kabla ya kujifunga naye alidai ahadi ya maandishi, na August akampa hati ya siri iliyomwahidi hadhi ya mke. Mwaka 1706 ndoa yake na Hoym ilivunjwa, naye akapewa cheo cha Countess wa Cosel. Alijengewa kasri la Taschenberg mjini Dresden, akapewa na kasri la Pillnitz kando ya mto Elbe, na akamzalia August watoto watatu.

Kilichomwangusha kilikuwa siasa. Cosel hakuficha upinzani wake dhidi ya gharama ambazo Saksonia ilibebeshwa kwa ajili ya taji la Poland, na kwa hiyo akajipatia maadui miongoni mwa mawaziri. Huko Warsaw, mnamo 1713, August alimchukua mwanamke mwingine, Maria Magdalena von Dönhoff, Mkatoliki wa Poland ambaye makabaila wa huko walimkubali kwa urahisi zaidi. Cosel alifukuzwa Dresden na kuwekwa Pillnitz, huku akidaiwa airudishe ile hati.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa mkasa wote. Karatasi aliyoitafuta imkinge ndiyo iliyomfanya aonekane hatari, kwa sababu ahadi ya ndoa mikononi mwa mwanamke aliyeachwa ingeweza kumwaibisha mfalme mbele ya Ulaya nzima. Mwishoni mwa 1715 alitoroka kwenda Prussia, nchi nyingine ya Ujerumani, kuitafuta hati hiyo, ambayo hakuwa nayo mkononi. Mwaka uliofuata alikamatwa Halle, na mfalme wa Prussia akamkabidhi kwa Saksonia, ambayo nayo ilimrudishia askari wake waliotoroka jeshini. Tarehe 24 Desemba 1716 alifikishwa katika ngome ya Stolpen, bila kesi wala hukumu ya mahakama yoyote.

August alifariki mwaka 1733, lakini Cosel alibaki Stolpen hadi kifo chake tarehe 31 Machi 1765, zaidi ya miaka 48 tangu aingizwe humo. Watoto wake walikuwa wametambuliwa na baba yao, mabinti wakaolewa na makabaila na mwana akawa jenerali, nao wakaishi kwa heshima ileile ya kasri ambalo lilimfungia mama yao.