Donda la mguu lisilopona: je, mashine ya mawimbi ya mshtuko inasaidia?

Baba yangu ana kidonda juu ya kifundo cha mguu, huu ni mwaka wa pili. Tumeambiwa kuna tiba ya mawimbi ya mshtuko. Ni shoti ya umeme?

Hapana. Ni mawimbi ya sauti yenye msukumo mkali, ya jamii ile ile iliyotumika Munich mwaka 1980 kuvunja mawe ya figo bila upasuaji. Kwenye kidonda nguvu yake hupunguzwa sana. Mhudumu husafisha kidonda, hukifunika kwa plastiki safi, hupaka jeli, kisha hugusisha kichwa cha mashine. Mzee atasikia ta-ta-ta na kuhisi anagongwagongwa. Dakika chache tu, basi. Msukumo huo huchochea seli, na mwili huanza kuotesha vijishipa vipya vya damu.

Imethibitishwa?

Inategemea kidonda. Desemba 2017 Marekani iliruhusu mashine moja kwa vidonda vya miguu vya kisukari, pamoja na matibabu ya kawaida. Kati ya wagonjwa 336 waliofuatiliwa, baada ya wiki 24 vidonda vilifunga kwa asilimia 44 ya waliopata mawimbi, na asilimia 30 ya waliowekewa mashine isiyotoa kitu. Ni nafuu ya kweli, ila wengi bado hawakupona.

Kwa vidonda vya veni (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo), ambavyo hupenda kutokea hapo hapo juu ya kifundo, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, mwaka 2018 hawakupata hata jaribio moja linalokidhi vigezo vyao. Kwa hiyo msiuze shamba kwa ajili ya mashine hii.

Tuanzie wapi?

Kwenye chanzo. Apimwe sukari, na presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono. Kipimo hicho msikiruke: kama ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni, imeziba, bendeji ya kubana inaweza kuumaliza mguu. Kama ateri ni nzima na tatizo ni veni, bendeji hiyo ndiyo tiba yenyewe, ifungwe kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti. Na kidonda cha muda mrefu kinaweza kugeuka saratani, hasa kingo zikiinuka. Mwombeni daktari akate kinyama kikapimwe kabla ya mawimbi yoyote.

Akipata mawimbi, aache bendeji?

Asiache. Avuliwe kwa ajili ya tiba, kisha afungwe tena kabla hajashuka kitandani.