Ukienda Naivasha, ununue wapi? Tunayoambiana Nairobi na hali ilivyo

Ijumaa jioni wanaokwenda Naivasha utawajua tu kwenye foleni ya supermaketi yoyote ya Westlands. Wamekodi nyumba kando ya ziwa, toroli imejaa maji, makaa, trei mbili za mayai na nyanya zitakazopondeka kabla ya Limuru, na lazima mmoja wao aseme: "Beba kila kitu, huko hakuna kitu, na kilichopo ni ghali."

Huko kwenyewe ni kilomita tisini hivi kutoka katikati ya jiji. Naivasha ni mji kamili, wenye soko, bucha na supermaketi. Hata Naivas, ambako pengine ndiko walikopanga foleni, jina lake limetokana na Naivasha. Ughali anaousema ni wa kweli, ila una mahali pake: duka la ndani ya hoteli, na vibanda vilivyo karibu na kambi na malango kwenye Moi South Lake Road. Anayekuuzia soda hapo anajua vizuri kwamba mjini ni mbali na una kiu. Ukitaka bei ya kawaida, maliza shughuli mjini kabla ya kukata kona ya kuelekea ziwani. Ukisahau kitunguu au chumvi, kuna Karagita, mtaa uliokua kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, na matatu za mjini hupita hapo. Mama mboga wa Karagita hapangi bei akimsubiri mgeni wa wikendi. Anapanga bei ya mtu anayetoka kazini na kurudi kupika jioni ileile, kila siku.

Kuhusu yale maji: kama mpango ni kuendesha baiskeli ndani ya Hell's Gate, chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga za taifa tangu Juni 5, 2020. Nunua chupa ya kujaza tena, uibebe kutoka nyumbani. Hicho kimoja nakubali kitoke Nairobi.

Dhana ninayoisikia zaidi ni ya samaki: kwamba akikaangwa ufuoni basi katoka ziwani asubuhi hiyo. Anaweza kuwa hivyo. Lakini Nairobi tumezoea kuagiza tilapia, na muuzaji anayejua mgeni anataka tilapia hakosi pa kumtoa, hata kama ni kwenye barafu. Ziwa lenyewe lina tilapia, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 limejaa kapi, samaki mnene mwenye magamba makubwa na sharubu fupi pembeni mwa mdomo. Wateja wengi humkwepa kwa sababu ya vimiba vyake vidogo vidogo, na kweli si samaki wa kuliwa huku unapiga soga. Mimi nikimwona kapi mezani kwa muuzaji ndipo naanza kumwamini, maana sioni nani angejisumbua kumsafirisha hadi hapo kwa ajili ya watalii. Yeyote utakayemchagua, mchague akiwa mbichi, si akiwa tayari kwenye mafuta. Funua shavu uone kama matamvua ni mekundu, tazama kama macho yametuna, kisha mbonyeze kwa kidole. Kishimo kikibaki, mrudishe.

"Waridi ni bei ya bure Naivasha, si ndiko yanakolimwa?" Yanalimwa huko, lakini mengi hayauzwi huko. Yakikatwa huingia chumba cha baridi, kisha lori la baridi, kisha ndege kwenye uwanja wa JKIA, Nairobi, na mengi huelekea Uholanzi. Shamba lenye mkataba Ulaya halina kaunta ya kukuuzia shada moja. Ukitaka maua ya mezani, nenda City Market, Mtaa wa Muindi Mbingu, Jumatatu ukisharudi. Hayatakuwa yameiva kwenye buti la gari.

Vinyago navyo vina safari yao. Jiwe laini la Kisii linachongwa Tabaka, wanyama wengi wa mbao wanatoka Wamunyu, viondo Ukambani. Ukinunua kifaru cha jiwe kwenye duka la hoteli, huenda kilishapita Nairobi kabla yako. Kinunue Maasai Market, jijini kwako, ambako wauzaji ni wengi na kupatana bei ndiyo desturi.

Kule juu ya bonde, kwenye vituo vya kutazama Bonde la Ufa, watu hupita wakisema ni wizi mtupu, na hapo nasimama na wauzaji. Ngozi za kondoo zilizotundikwa kando ya barabara ni kitu ambacho hutakipata kirahisi mjini. Bei ya kwanza itakuwa ya mzungu, hilo ujue, teremka nayo taratibu. Kisha vuta manyoya kwa vidole viwili: yakitoka, achana nayo. Nusa upande wa ndani pia, kwa sababu ngozi iliyotengenezwa vibaya hunuka ikipata joto la gari.

Mwisho ni mboga, ambazo wengi hununua wakati wa kwenda, zikanyauka siku mbili kwenye buti. Nunua ukirudi, kwa barabara ya juu, si ya Mai Mahiu. Kuanzia Kinungi hadi Soko Mjinga utakuta waru, yaani viazi, karoti, kabichi na njegere za Kinangop, zikiwa na udongo bado. Ila ndoo ya viazi ina siri: vikubwa hukaa juu. Mwambie muuzaji aimimine mbele yako, kwenye mfuko wako. Akikataa, kibanda kinachofuata kiko hatua kumi tu.