Kisumu asubuhi, ziwa shwari: taabu ya rubani wa ndege ya majini

Ukitazama picha za zamani za ndege za majini aina ya Short S.23 za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zikielea Kisumu, utadhani maji yaliyotulia ndiyo raha ya rubani. La hasha. Marubani wa njia ya Southampton hadi Durban, ambayo ndege hizi zilianza kuihudumia mwaka 1937, waliomba viwimbi.

Sababu iko chini ya tumbo la ndege. Pale pana kidato, kama ngazi moja iliyokatwa. Ndege huanza kwa kusukuma maji kama jahazi lililojaa, na S.23 ilifika tani 18 kwa injini 4 za Bristol Pegasus. Rubani huvuta usukani, omo, yaani pua ya ndege, ikainuka. Mwendo ukikolea hulegeza, tumbo likapanda juu ya maji na kuteleza. Kidato hupitisha hewa ili maji yaachie. Maji yakiwa kama kioo, hewa hiyo haiingii vizuri, na tumbo linanata. Dawa yake ni boti kutangulia na kuyavuruga maji. Kwa Kisumu ongeza na hili: ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo mabawa hudai mwendo zaidi. Kungoja upepo wa mchana? Utakuja, pamoja na joto na mawimbi.

Omo ikianza kuzama na kuibuka kama pomboo, usiifukuze kwa usukani. Mkono huchelewa, na kila sahihisho huongeza mruko. Shika imara, ikizidi, punguza injini uanze upya.

Kutua kwenye shwari, kwa maoni yangu, ni kubaya zaidi, maana jicho halijui uso wa maji uko wapi. Ukisawazisha ndege mapema, inaanguka. Ukichelewa, omo inachoma maji. Basi rubani hupita karibu na ufuko apate cha kupimia, huinua omo kidogo, huacha injini zikivuta, hushuka kama mita 1 kwa sekunde, kisha hangoji kuona maji: hungoja kuyasikia.

Breki hakuna. Mifuko ya turubai hutoswa ubavuni kupunguza mwendo, na mtu husimama omoni na kulabu kulidaka boya. Akilikosa, wanazunguka tena. Wakishafunga kamba, ngama, yaani chini kabisa ndani ya tumbo, hukaguliwa: msumari mmoja uliolegea watosha kuingiza maji usiku kucha.